Kubana video za nyumbani ziingie kwenye diski moja: mwongozo kamili

Filamu ya dukani ikikwaruzika utanunua nyingine. Mtoto aliyerekodiwa akipiga hatua zake tatu za kwanza, au sauti ya babu akimwita mjukuu kwa jina la utani, huvipati tena popote. Kwa hiyo ninapoelekeza watu namna ya kupunguza ukubwa wa video za nyumbani, siwaanzishii na programu. Ninawaanzishia na kalamu na karatasi, kwa sababu madhara mengi hutokana na kubahatisha.

Kubahatisha huwa hivi. Mtu ana video za GB 17 na diski ya GB 4.7. Anafungua programu, anachagua ubora wa kati, anasubiri saa tatu, anapata faili la GB 6. Halijaingia. Badala ya kurudi kwenye video asilia, analichukua lile faili lililokwisha kubanwa na kulibana tena. Sasa limeingia, lakini uso wa mtu aliyekaa kivulini umegeuka vipande vya miraba, kama vigae. Mimi nilifanya hivyo kwa video moja ya familia, nikafuta asilia ili kupata nafasi kwenye kompyuta. Miraba ile ipo hadi leo, wala hakuna programu ya kuiondoa.

Kwa hiyo sheria ya kwanza kabla ya yote: video asilia haiguswi. Inakiliwe kwenye folda yake, na kila jaribio lianzie pale, hata likiwa la kumi.

Nani ataitazama, na kwa kifaa gani?

Swali hili linaamua kila kinachofuata, na wengi hulikumbuka wakiwa wameshachoma diski.

Njia ya kwanza ni diski ya data. Unabana video kuwa faili la MP4, unaliweka kwenye diski kama ambavyo ungeliweka kwenye flashi. Picha inaweza kubaki angavu sana, lakini diski hiyo itachezwa kwa uhakika kwenye kompyuta tu. Deki mpya huenda ikaisoma, deki ya zamani itaikataa.

Njia ya pili ni DVD-Video, yaani diski ambayo deki yoyote ya DVD inaitambua, yenye folda ya VIDEO_TS ndani yake. Hapa huna uhuru wa kuchagua kodeki, yaani mbinu ya kubana picha: picha huwa MPEG-2, yenye pikseli zisizozidi 720 kwa 576 kwa mfumo wa runinga wa PAL au 720 kwa 480 kwa ule wa NTSC. Hata kama simu yako ilirekodi 4K, kwenye diski hii itashuka hadi hapo. Zaidi ya hayo, MPEG-2 ni teknolojia ya miaka ya 1990, na inahitaji biti (vipande vidogo kabisa vya data) nyingi kuliko H.264, kodeki mpya zaidi tutakayoitumia kwa MP4, ili kutoa picha ya ubora uleule.

Ukiniuliza mimi, mzazi mwenye deki na runinga mpe DVD-Video, hata kama picha itapungua. Diski nzuri isiyochezeka haina faida kwake. Wengine wote wape diski ya data.

Diski inabeba kiasi gani?

CD hubeba MB 700. DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7, ya tabaka mbili GB 8.5. Blu-ray ya tabaka moja hubeba GB 25, ya tabaka mbili GB 50, lakini inataka kifaa chake maalumu cha kuchomea na cha kusomea.

Sasa kuna mtego. Ile 4.7 iliyochapishwa kwenye kasha huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows huhesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, kwa hiyo diski ileile huonekana ina nafasi ya takriban GB 4.37. Hujaibiwa, ni vipimo viwili tofauti vyenye jina moja. Lakini ukiandaa faili ambalo Windows inasema ni GB 4.6 ukidhani litaingia, halitaingia.

Mimi hulenga baiti bilioni 4.4, yaani MB 4,400 kwa hesabu ya kasha. Windows itaonyesha kama GB 4.1. Sehemu inayobaki ni ya menyu, ya orodha ya mafaili, na ya kuepuka ukingo wa nje kabisa wa diski, ambako makosa ya usomaji hutokea zaidi. Nitarudi kwenye ukingo huo mwishoni.

Hesabu yenyewe

Ukubwa wa video hautegemei moja kwa moja idadi ya pikseli, wala aina ya kamera. Ni kiwango cha biti kwa sekunde, mara idadi ya sekunde. Basi. Ukijua ukubwa unaoutaka na urefu wa video, kiwango cha biti kinajitokeza chenyewe:

kiwango cha biti (kwa kilobiti) = MB unazotaka × 8,000 ÷ sekunde

Kwa DVD ya tabaka moja, MB 4,400 mara 8,000 ni 35,200,000. Kariri namba hiyo, kisha igawe kwa sekunde za video yako.

Tuchukue mfano mzima. Una rekodi za simu zenye jumla ya saa 2 na dakika 17. Hizo ni dakika 137, sawa na sekunde 8,220. Gawa 35,200,000 kwa 8,220: unapata kilobiti 4,282 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Toa sauti, tuseme kilobiti 160. Zinabaki 4,122. Shusha hadi 4,100, na hicho ndicho kiwango cha picha utakachokiandika kwenye programu. Simu inayorekodi kwa megabiti 17 kwa sekunde ilikuwa imejaza GB 17.5 kwa muda huohuo, kwa hiyo unabana hadi robo ya ukubwa wa mwanzo.

Kwa haraka, hivi ndivyo viwango vya jumla, kabla ya kutoa sauti, kwa MB 4,400:

dakika 60: kilobiti 9,770
dakika 90: kilobiti 6,510
dakika 120: kilobiti 4,880
dakika 150: kilobiti 3,910
dakika 180: kilobiti 3,250

Tazama namba hizo vizuri kabla hujaendelea. Zinakuambia kama kazi inawezekana. Kwa MP4 ya H.264, kilobiti 4,000 hadi 5,000 huipa video ya kawaida ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) sura inayoridhisha. Kwa DVD-Video ya MPEG-2, chini ya 4,000 utaanza kuona miraba kwenye mwendo, na chini ya 3,000 sipendekezi kabisa kwa picha kamili ya 720. Video ya saa nne haina njia nzuri ya kuingia kwenye DVD-Video moja ya GB 4.7. Igawe kwenye diski mbili. Watu hung'ang'ania diski moja kana kwamba ya pili ni aibu, wakati ubora wanaoupoteza hauwezi kurudi.

Na kabla hujajaribu: kuweka video kwenye faili la zip hakusaidii. Video imeshabanwa na kamera yenyewe wakati wa kurekodi, kwa hiyo zip itakupunguzia kiasi kidogo mno.

Kata kwanza

Hakuna njia ya kubana inayolinganishwa na kuondoa usichokihitaji, kwa sababu kila dakika inayotoka inaziachia dakika zilizobaki biti zaidi. Rudi kwenye mfano wetu. Ukitazama rekodi zile za dakika 137 kwa utulivu utakuta dakika mbili za sakafu, pale mshika kamera alipoishusha akidhani ameizima. Utakuta dakika sita za watu wakisubiri mtu aingie. Utakuta hotuba iliyorekodiwa na simu mbili kutoka pande mbili. Toa dakika 27 za namna hiyo, zibaki 110. Kiwango cha jumla kinapanda kutoka 4,282 hadi 5,333, bila gharama yoyote.

Kwa kukata tu, usitumie programu inayobana upya. Tumia LosslessCut, ambayo ni ya bure na hukata faili bila kugusa ubora wake. Fungua video, weka alama ya mwanzo na ya mwisho wa kipande unachokitaka, kisha uhamishe. Kazi ya dakika kadhaa. Jambo moja la kujua: ukataji wa namna hii huanzia kwenye fremu (picha moja kati ya zile zinazounda video) kamili iliyo karibu, siyo lazima fremu uliyoichagua, kwa hiyo kipande kinaweza kuanza sekunde moja au mbili kabla. Acha nafasi hiyo. Usikate neno la kwanza la mtu.

Ila usikate kwa haraka kila kinachoonekana cha kuchosha. Chumba kilivyokuwa, sauti za watu nje ya picha, mtu anayepita nyuma bila kujua anarekodiwa: baada ya miaka ishirini hivyo ndivyo vitakavyotafutwa. Nikiwa na shaka huwa ninabakisha, kisha ninaongeza diski.

Pikseli na fremu

Kiwango cha biti ni kama shuka: ukitanda kitanda kikubwa mno, pembe zitabaki wazi. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni mbili na ushee. Ya 1280 kwa 720 ina laki tisa na ishirini na moja elfu, chini ya nusu. Kama hesabu imekupa kilobiti chini ya 3,500 kwa H.264, shusha picha hadi 1280 kwa 720. Itaonekana safi zaidi kuliko 1080 iliyojaa miraba. Chini ya 1,500, shuka hadi 854 kwa 480. Kamwe usipandishe: mkanda wa zamani wenye mistari 576 haupati undani wowote kwa kulazimishwa kuwa 1080, unameza biti tu.

Fremu pia. Simu nyingi hurekodi fremu 60 kwa sekunde zikiwekwa hivyo. Kama si mchezo wa mpira au watoto wanaokimbia, 30 zinatosha, na kila fremu itapata sehemu kubwa zaidi ya biti.

Kisha kuna giza. Video iliyorekodiwa usiku ndani ya nyumba imejaa chengachenga zinazochezacheza, na kwa programu kila chenga ni undani mpya wa kuhifadhi. Biti zinaishia kwenye chenga badala ya nyuso. Kichujio chepesi cha kusafisha chenga kabla ya kubana kinaokoa mengi. Nasema chepesi kwa makusudi, kwa sababu kikali hufanya ngozi ionekane kama plastiki.

Kubana kwa HandBrake

Kwa diski ya data, HandBrake inatosha watu wengi. Ni ya bure, na ipo kwa Windows, Mac na Linux.

Buruta video yako uidondoshe kwenye dirisha lake. Kwenye ukurasa wa Summary chagua MP4. Kwenye Dimensions, weka ukubwa wa picha ulioamua, na uhakikishe haikati kingo usizotaka zikatwe. Kwenye Filters, acha vyote vimezimwa isipokuwa vile unavyovihitaji: Denoise kwa video ya gizani, Deinterlace kwa mikanda ya zamani tu.

Ukurasa wa Video ndio moyo wa kazi. Chagua H.264 (x264). Kwenye Framerate, weka 30 (au 25 kama kamera ilirekodi 25) na uchague Constant Framerate. Usiruke hatua hii kwa video za simu. Simu hubadilisha kasi ya fremu kadiri mwanga unavyobadilika, na mabadiliko hayo ndiyo chanzo cha ile kero ambapo midomo inasema na sauti inafuata baadaye.

Halafu, badala ya Constant Quality, chagua Avg Bitrate na uandike namba yako, 4100 kwa mfano wetu. Weka alama kwenye Multi-Pass Encoding. Kwenye matoleo ya zamani imeandikwa 2-Pass. Kwa mpangilio huu programu hupitia video mara mbili. Mara ya kwanza inaangalia tu: wapi mtu amekaa kimya mbele ya ukuta, wapi majani yanapeperushwa na upepo. Mara ya pili inagawa biti kwa haki, ukuta upate chache na majani yapate nyingi, huku wastani ukibaki palepale ulipoamuru. Inachukua muda karibu mara mbili, na inafaa kila dakika.

Mpangilio wa Constant Quality si mbaya. Kwa kuhifadhi kwenye diski ngumu mimi huutumia, nikiweka 20 hadi 24 kwa 1080p. Lakini unaamuru ubora na kuacha ukubwa uende utakapokwenda, na diski haina mpira wa kunyooka.

Sauti: AAC (kodeki ya sauti), kilobiti 128 hadi 160, inatosha kabisa. Usiibane zaidi ili kuokoa nafasi. Kwa video ya dakika 137, kushuka kutoka 160 hadi 64 kunakuokolea MB 99 tu, na macho huvumilia picha hafifu kuliko masikio yanavyovumilia sauti iliyokwaruzika.

Je, H.265, kodeki iliyoifuata H.264? Hubana vizuri zaidi, mara nyingi theluthi moja au karibu nusu kwa ubora unaofanana. Kama diski itachezwa kwenye kompyuta mpya pekee, itumie. Kwa diski ya kugawia ndugu wa umri na vifaa tofauti, bado naweka H.264, kwa sababu karibu kila kitu chenye kioo kinaisoma.

Jaribu sekunde 30 kabla ya saa tatu

Usibonyeze Start kwa video nzima. Tafuta sekunde 30 zilizo ngumu kuliko zote: kamera inatembea, watu wanacheza, mwanga ni hafifu. HandBrake ina sehemu ya Range ambako unaweza kuchagua Seconds na kuandika mwanzo na mwisho. Bana kipande hicho, kisha kitazame kwenye runinga, ukiwa umekaa umbali wa kawaida. Skrini ya kompyuta iliyo karibu na pua itakufanya uone kasoro ambazo hakuna atakayeziona sebuleni.

Angalia mahali patatu. Kwanza uso ulio kivulini: je, shavu lina mpito laini au lina miraba? Pili, ukuta au anga wakati kamera inageuka: je, kuna mistari ya rangi kama ngazi? Tatu, mikono inayopiga makofi. Vikipita hivyo vitatu, endelea. Jaribio hili ni kali kuliko faili kamili, kwa sababu ndani ya faili kamili sehemu ngumu hukopa biti kutoka sehemu tulivu, na kipande cha sekunde 30 hakina pa kukopa. Vikishindwa kwa mbali, kata zaidi, punguza pikseli, au tafuta diski ya pili.

Kwa wanaopenda kuandika amri

FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za maandishi, hufanya kazi hiyohiyo, na inafaa sana ukiwa na video nyingi. Amri ni mbili, moja kwa kila mara programu inapopitia video (hapa sherehe.mp4 ni jina la video yako):

ffmpeg -y -i sherehe.mp4 -c:v libx264 -preset slow -b:v 4100k -pass 1 -an -f null /dev/null

ffmpeg -i sherehe.mp4 -c:v libx264 -preset slow -b:v 4100k -pass 2 -c:a aac -b:a 160k sherehe-diski.mp4

Kwenye Windows andika NUL badala ya /dev/null. Ukitaka kushusha picha hadi 720, ongeza -vf scale=-2:720 kwenye amri zote mbili, siyo moja.

Diski ya deki

Kwa DVD-Video, programu ninayoipendekeza ni DVDStyler, ya bure. Unachagua PAL au NTSC, unachagua umbo la 16:9, unaburuta video ndani, unapanga menyu, nayo inageuza kila kitu kuwa MPEG-2 na kutengeneza folda ya VIDEO_TS. Ukiacha kiwango cha biti kwenye Auto itafanya mgawanyo yenyewe kulingana na ukubwa wa diski uliyochagua.

Ukitaka kushika usukani mwenyewe, tayarisha faili kwa FFmpeg kwanza:

ffmpeg -i sherehe.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 3950k -b:a 192k sherehe.mpg

Nimeweka 3,950 badala ya 4,090 ambayo hesabu ingenipa baada ya kutoa sauti ya 192, kwa kuwa ufungaji wa MPEG-2 wenyewe unakula nafasi kidogo. Kwa NTSC andika ntsc-dvd. Kikomo cha picha kwenye DVD ni kilobiti 9,800 kwa sekunde, kwa hiyo hata kama video yako ni ya dakika 40 na nafasi ni tele, usivuke hapo. Mimi huishia 8,000 kwa diski za kuchoma, kwa sababu deki nyingi hukwama zikilishwa kasi ya juu kutoka diski isiyo ya kiwandani.

Video iliyorekodiwa kwa simu ikiwa wima italeta milia mipana myeusi kando. Iache. Weusi haugharimu biti za maana, na kuinyoosha ili ijaze kioo kunawafanya watu wawe wafupi na wanene.

Mikanda ya zamani

Video ya MiniDV (mikanda midogo ya kidijitali ya kamera za zamani) huchukua takriban GB 13 kwa saa, na picha yake imeundwa kwa mistari inayopishana: nusu ya mistari ni ya kitambo kimoja, nusu ya kitambo kinachofuata. Kwenye kompyuta, mkono unaosogea utaonekana una meno kama kitana. Kwa MP4, washa Deinterlace. Kwa DVD-Video usiiwashe, kwani DVD inaijua mistari hiyo na runinga itaipanga vizuri. Hakikisha tu mpangilio wa mistari haukupinduliwa; DV huanza na mstari wa chini, na ukipindua picha itatetemeka kila kitu kinaposogea.

Mikanda ya VHS ikihamishiwa kompyuta huwa na ukanda mwembamba uliovurugika chini kabisa ya picha. Runinga za zamani ziliuficha. Kata pikseli kumi au kumi na mbili hapo unapotengeneza MP4, kwa sababu mvurugiko ule hubadilika kila fremu na hula biti zilizostahili kwenda kwenye picha.

Kuchoma

Kabla ya kuchoma diski ya data, jihadhari na kikomo cha baiti 4,294,967,295 kwa faili moja. Faili letu la bilioni 4.4 limekivuka. Flashi yenye mfumo wa kupanga mafaili wa FAT32 italikataa, na diski yenye mfumo wa kale wa ISO 9660 inaweza kuleta matatizo. Chagua UDF, mfumo mpya zaidi, wakati wa kuchoma, au afadhali zaidi, gawa video kwa matukio: maandalizi, sherehe, hotuba, kuagana. Mafaili manne ya GB 1 na kitu ni rahisi kuyatafuta, na mkwaruzo mmoja hauwezi kuharibu yote.

Nakili kila kitu kwenye diski ngumu ya ndani kwanza. Kuchoma moja kwa moja kutoka flashi kunaweza kukatika njiani. Tumia ImgBurn kwenye Windows, K3b kwenye Linux, au Finder kwenye Mac. Kama diski imeandikwa 16x, choma kwa 8x. Funga programu nzito, na usiisogeze kompyuta. Diski ifungwe kabisa mwishoni, isiachwe wazi kwa kuongeza vitu baadaye, maana deki nyingi hazisomi diski iliyoachwa wazi. Na uwashe Verify, ili kila baiti iliyoandikwa isomwe upya na kulinganishwa na ya kwenye kompyuta.

Baada ya hapo, peleka diski kwenye kifaa kingine, siyo kile kilichoichoma. DVD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo dakika za mwisho za video ziko kwenye ule ukingo niliousema. Ruka moja kwa moja hadi dakika tano za mwisho na uzitazame zote. Kisha katikati dakika mbili, ukisikiliza kama sauti inaendana na midomo. Zikipita salama, choma nakala ya pili ya kukaa nyumba nyingine, andika tarehe ya tukio na majina ya waliomo kwa kalamu laini ya wino wa maji, siyo ya ncha kali, na uiweke wima ndani ya kasha, mbali na jua.